Mnufaika Hai

Nchi yetu siitaji jina. Si kwa woga, msije mkanielewa vibaya. Ni kwamba imekwisha kutambulishwa mara nyingi mno, na anayeijua anaijua.

Hapa kwetu hakuna aibu kama kukaa mahali bila kutambulishwa. Nenda harusini: kabla ya bibi harusi watatambulishwa wajomba, mashemeji, jirani aliyeazima masufuria, na dereva wa gari lililoleta masufuria. Kila mmoja atasimama, atapunga mkono, atapigiwa makofi, ataketi akiwa mtu kamili. Msibani ni hivyo hivyo. Nimeona jeneza likisubiri kwenye jua la utosi huku mshereheshaji akiulizia jina la diwani aliyechelewa, na hakuna aliyenung'unika. Marehemu mwenyewe alikuwa ametambulishwa wa kwanza.

Mimi ni Bi Mwantumu, mwenyekiti wa kikundi cha vigelegele cha wilaya. Serikali haizindui hata choo cha shule bila sisi. Msidhani kigelegele ni kelele za wanawake. Mshereheshaji akitangaza jambo nasi tukanyamaza, jambo hilo linabaki linaning'inia hewani na watu wanatazama viatu vyao. Tukipiga, limekubalika, hata kama ni uongo. Nimevipigia vigelegele visima visivyo na maji na madaraja yasiyofika ng'ambo, na sijawahi kukosa pumzi.

Basi kwa mapenzi haya haya ya kutambuana, serikali ilituletea Dirisha la Taifa. Kila simu nchini iliwekewa kitu kidogo cha kuiambia serikali mwenye simu yuko wapi, anaongea na nani, na analala saa ngapi. Waziri wa Mawasiliano na Uwazi, Mheshimiwa Profesa Injinia Balozi Mstaafu Lugano Ntambi (nitamwita Waziri, maana majina yake yanapoza chakula), alilieleza redioni kwa sauti ya upole.

"Ndugu wananchi, baba mwema hujua watoto wake wamelala wapi."

Tulipiga makofi hata sisi tuliokuwa peke yetu jikoni. Na Dirisha lilileta faida upesi, kwa sababu ofisa yeyote mwenye nyota begani aliruhusiwa kulifungua akachungulia. Mmoja alimpata mbuzi wake aliyepotea, maana mchungaji alikuwa na simu. Mwingine alimpata mchumba wake wa zamani aliyemkimbia tangu chuoni, akamtokea mlangoni na maua. Magazeti yaliandika habari za maua. Habari za mchumba hazikuandikwa.

Ndipo akaja Bi Tumsifu, mwanamke mwembamba, mwanasheria, mwenye kuvaa miwani puani na kutazama watu juu yake. Alipanga vyumba vyangu viwili vya uani, akabandika kibao mlangoni: PAZIA, chama cha hiari kisichotafuta faida, kinachotetea haki ya mtu kuwa na siri yake ndani ya simu yake. Niliposoma maneno hayo nilicheka hadi nikashika ukuta.

"Mwanangu," nikamwuliza, "mtu mwema, siri ya nini?"

"Bi Mwantumu, sufuria lako la pilau unalifunika kwa nini? Umetia sumu?"

"Nalifunika liive."

"Basi na watu wengine wanahitaji kufunikwa ili waive."

Mtu wa kunifundishia pilau yangu simpendi kwa haraka. Lakini kodi alilipa, na watu walikuja kwake mmoja mmoja, wakiingia kama waliokuja kununua mkaa. Aliwafundisha kuziba midomo iliyokuwa ndani ya simu zao. Tena alikuwa amefungua kesi Mahakama Kuu, akiomba Dirisha lifungwe kabisa, na kesi hiyo ilikuwa karibu kusikilizwa.

Katika hao waliokuja, mmoja hakuondoka. Alikuwa msichana wa miaka kama thelathini, ndiyo, kwangu huyo bado ni msichana, mkono wake wa kushoto haukunyooka, akalala katika chumba cha pili akawa anapokea simu za chama. Nilipomwuliza jina alisema, "Niite Mgeni tu, bibi." Kwa miezi akala wali wangu, akanipekechea mboga, akanisuka nywele, na jina hakutoa! Niliumia, nasema kweli. Ni kama mtu amekaa kwenye kiti chako huku amekupa mgongo.

Hata hivyo ukuta wangu ni mwembamba na masikio yangu ni mazima. Nilisikia kwamba alikuwa na mume, na mume ana nyota begani, na alikuwa amekwisha kumkimbia mara kadhaa, na kila mara Dirisha lilimwonyesha mume alikokwenda. Mara ya mwisho ndipo mkono ulipovunjika. Pazia walimpa simu bubu, wakazifuta nyayo zake zote, na tangu hapo mume hakujua yuko wapi. Nilimhurumia. Lakini nilijiambia, jina tu lingemdhuru nini?

Serikali haikuipenda Pazia mwanzoni. Ilituma watu wakavunja kufuli, wakachukua kompyuta, wakarudisha kompyuta zikiwa nzito kidogo kuliko zilivyoondoka. Kisha wageni kutoka nje wakauliza maswali, na Waziri akatafakari. Nchi yetu ina viongozi wenye busara. Waliona kwamba kumpiga mtu kunaleta kelele, lakini kumuunga mkono hakuleti kelele yoyote. Ikatangazwa Wiki ya Kuunga Mkono Vyama vya Kutetea Faragha, kwa kaulimbiu iliyobandikwa kila nguzo: FARAGHA YAKO, TUNAIJUA.

Aliyeleta habari kwetu uani ni Ofisa Uhamasishaji wa Wizara, kijana mnene aliyejaa furaha, amebeba fulana kwenye magunia. Fulana zilikuwa za njano, za kuonekana kutoka ng'ambo ya mto, na mgongoni zimeandikwa NIMEFICHWA NA PAZIA.

"Ni za wanufaika wenu," akasema. "Wazivae popote waendapo, wapewe heshima."

Bi Tumsifu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ndugu Ofisa, wanufaika wetu wanajificha."

"Vizuri sana! Siku ya kilele mmoja atatuonyesha anavyojificha. Ni sharti la uungaji mkono, dada yangu. Chama kionyeshe mnufaika hai."

"Na tusipoonyesha?"

"Mtakuwa hamna mnufaika. Chama kisicho na mnufaika kinafutwa, ndiyo sheria." Akacheka kwa huruma. "Na nasikia mna kesi. Chama kilichofutwa hakiwezi kusimama mbele ya jaji, au siyo? Itakuwa hasara."

Alikunywa chai yangu akaenda. Msiniulize kama niliona mtego. Niliona sherehe, hema, spika, na kikundi changu kimevaa sare mpya.

Jioni ile walizungumza chumbani, nami nikachambua mchele karibu na ukuta.

"Nitasema mimi," alisema Mgeni.

"Hapana. Nitapeleka karatasi ya takwimu."

"Dada Tumsifu, takwimu haina mkono uliovunjika. Wakikifuta chama, kesi imekufa, na Dirisha litabaki wazi. Mimi nimejificha sawa, na hao wengine? Kuna wangapi usiku huu simu zao zinawauza?"

"Yeye akikuona je?"

"Yuko wilaya ya kaskazini. Na mtaniweka nyuma ya pazia zito. Sauti mtaibadilisha. Nimechoka kuogopa kimya kimya. Nataka niogope nikiwa nasema."

Bi Tumsifu alilia. Sijawahi kumsikia mwanasheria akilia na nilishangaa kuona kwamba wanalia kama sisi.

Siku ya kilele uwanja wa mpira ulijaa. Palikuwa na meza kuu yenye maua ya plastiki na maji ya chupa, na kando ya jukwaa palisimamishwa pazia jekundu lililoshonwa na fundi wa wilaya, zito kama blanketi la hospitali. Mgeni aliingizwa nyuma yake mapema kupitia uchochoro, amejifunika khanga usoni. Wizara ililalamika kidogo kwamba pazia halionyeshi kitu. Bi Tumsifu alisimama imara, na kwa kuwa wageni wa nje walikuwa wanatazama, Waziri alisema kwa ukarimu, "Mwacheni, ajifiche mbele ya watu."

Mshereheshaji alikuwa Bwana Anastazi, mtu mwema kupita kiasi, anayelia kwenye harusi za watu asiowajua. Katika maisha yake yote hajawahi kumruka mtu kwenye utambulisho, na hilo ndilo analoomba liandikwe juu ya kaburi lake. Akaanza. Akatambulisha meza kuu, wazee, taasisi za dini, vyama, timu mbili za mpira, fundi aliyeshona pazia. Jua likapanda, watoto wakalala. Nasi kila jina tulilipigia.

"Na sasa," akasema Bwana Anastazi, "msimamizi wa usalama wa sherehe yetu, aliyehamishiwa wilayani kwetu wiki hii hii akitokea kaskazini, mpeni makofi, Kamanda Mkanula!"

Alisimama mwanamume mrefu, mtanashati, mwenye tabasamu la aibu na nyota begani. Akapunga mkono. Tukampigia kigelegele kizuri, maana alikuwa wa kupendeza. Niliona pazia likitikisika. Nikasema huo ni upepo, ingawa bendera zilikuwa zimelala. Bi Tumsifu aliinuka kwenye kiti chake, akatazama uchochoro, na uchochoro ulikuwa umejaa askari wa usalama wa sherehe. Akaketi.

Waziri akahutubia. "Faragha ni kitu kikubwa sana, na kitu kikubwa hakiwezi kuachwa mikononi mwa mtu mmoja mmoja. Serikali yenu sikivu itailinda faragha ya kila mwananchi, kwa jina lake, kwa namba yake, na kwa mtaa wake. Atakayeingilia siri ya mwananchi, tutamwona!" Tulipiga vigelegele hadi ndege wakahama mti.

Kisha ukaja ushuhuda. Nilidhani hatasema. Halafu spika zikakoroma, na sauti ikatoka, imepitishwa kwenye mashine, nzito kama ya mzee mwenye mafua. Watu wakacheka. Haukupita muda wakaacha kucheka.

"Nilikuwa na simu nzuri," ilisema sauti. "Alininunulia mume wangu. Nilipokimbilia kwa shangazi, alinikuta nanywa chai. Nilipokimbilia kwa rafiki yangu wa shule, alikuwa amefika kabla yangu, amekaa barazani anacheza na watoto. Hakuja na fimbo. Alikuja na sweta. Alinivalisha mbele ya watu akasema, huku kuna baridi, mke wangu. Watu wote waliniambia, una bahati. Fimbo ilikuwa nyumbani."

Muuza karanga aliweka sinia chini.

"Sikuwa naogopa kupigwa peke yake. Niliogopa kwamba hakuna mahali. Mnajua maana ya kukosa mahali? Hata kwenye kufikiri nilikuwa nafikiri polepole, asije akasikia. Pazia walinipa mahali. Ni chumba kidogo, kuna bibi mmoja anapika vizuri, anaudhika kwamba hajui jina langu. Bibi, nisamehe. Jina langu ndicho kitu pekee kilichobaki changu. Naomba muwaunge mkono hawa watu. Siyo kwa fulana. Nendeni siku ya kesi, mkae nyuma yao, basi."

Mimi nilikuwa nalia kama mtoto, na si mimi tu. Wanaume walikohoa. Waziri mwenyewe alifuta miwani. Kamanda Mkanula alikuwa ameinamisha kichwa, akipiga makofi taratibu, na macho yake yalikuwa kwenye pazia.

Sasa ningependa kusema kwamba yaliyofuata yaliamriwa na serikali. Hayakuamriwa na mtu. Sisi tulimpenda. Tulimpenda palepale, kwa moyo wote, na katika nchi yetu mtu ukimpenda huwezi kumwacha amekaa bila kutambulishwa, ni sawa na kumtupa. Mama mmoja nyuma alisema, "Maskini, ametoa roho yake na hata hajasimamishwa." Mwingine akasema, "Atambulishwe!" Neno likashika. "Atambulishwe! Atambulishwe!" Uwanja wote, timu mbili za mpira, taasisi za dini, kwa machozi.

Bi Tumsifu alikimbilia jukwaani, akasimama mbele ya pazia na mikono ameinyoosha. Alipiga kelele, lakini hakuwa na kipaza sauti, nasi tulikuwa wengi. Bwana Anastazi alimtazama, akatutazama. Kaburi lake lilikuwa mbele ya macho yake. Kisha akanigeukia mimi. Ndiyo utaratibu. Panapotokea shaka, mshereheshaji hutazama kikundi cha vigelegele.

Nilijua ana mume mkali. Nilijua kuliko uwanja wote. Lakini nilikuwa nimejiaminisha kwamba mume yuko kaskazini, na miezi yote ile nilitamani jina lake, na sasa watu elfu walikuwa wanalitamani pamoja nami. Nilipiga. Nilikipiga kirefu, kile cha kupokelea maharusi, na wenzangu wakanipokea.

Bwana Anastazi alimsogeza Bi Tumsifu kando kwa adabu, akavuta pazia.

Alikuwa amesimama, hakujaribu kukimbia. Khanga ilikuwa imemwanguka mabegani. Bwana Anastazi alimsogezea kipaza sauti, akambembeleza kama mtoto. "Jitambulishe, mama. Hapa ni kwenu."

"Siwema," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo sana.

Makofi! Hamjawahi kusikia makofi kama yale. Na yalipokuwa bado yanalia, Kamanda Mkanula aliinuka meza kuu, akapanda jukwaani na tabasamu lake la aibu, akaomba kipaza sauti.

"Na mimi niruhusuni nijitambulishe," alisema. "Huyu ni mke wangu. Nimemtafuta kwa muda mrefu."

Alivua koti lake la sare, akamwekea mabegani. "Huku kuna upepo," akasema.

Watu waliangua shangwe. Wengine walikumbatiana. Waziri alisimama kwenye kiti akatangaza kwamba Pazia imefanikiwa kuunganisha familia, na kwamba cheti chake cha usajili hakitafutwa kamwe, tena kitawekewa fremu. Wenzangu walipiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Mimi kinywa kilikuwa wazi na hakikutoka kitu. Nilikuwa nalitazama koti.

Waliondoka kwa gari la polisi, limepambwa maua ya plastiki ya meza kuu. Bi Tumsifu alilikimbilia hadi akaanguka. Alikwenda kituoni kushitaki, na kituo kilikuwa cha Kamanda.

Kesho yake asubuhi alinijia jikoni, magoti yake yamechubuka. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. "Bi Mwantumu," alisema, "mimi ni mmoja. Wewe una watu." Nikawakusanya wanawake wa kikundi, nikawakusanya na majirani, Bwana Anastazi akaja bila kuitwa, macho yamevimba. Tulikuwa wengi wa kujaza barabara. Tukaenda hadi nyumba ya Kamanda, yenye geti la chuma, tukabisha hodi.

Alitoka mwenyewe, amevaa kikoi, kikombe cha chai mkononi. Alitusalimu vizuri. Mimi aliniamkia shikamoo.

"Tumekuja kumwona Siwema," alisema Bi Tumsifu.

"Amelala."

"Mwamshe atuambie mwenyewe kwamba amelala."

Kamanda aliweka kikombe juu ya nguzo ya geti. Alitutazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mwalimu anayesikitikia darasa.

"Jamani, wiki nzima mmetufundisha. Nimekaa meza kuu nimesikiliza, na mimi nimeelimika. Mambo ya mume na mke ndani ya nyumba yao ni faragha." Akamgeukia Bi Tumsifu. "Au nimekosea, mwanasheria?"

Akafunga geti. Ndani, nyuma kabisa ya nyumba, tulisikia kitu kama kiti kinachoanguka, kisha hatukusikia tena.

Tulisimama. Mama mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba kweli, ndoa ni ya watu wawili. Mwingine alikumbuka ameacha maharage motoni. Bwana Anastazi alitazama chini. Sisi ambao tunamjua kila mtu amelala wapi, tunaohesabu wageni wa jirani kwa viatu vilivyoko mlangoni, siku ile, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, tuliheshimu faragha ya mtu. Tuligeuka tukaanza kuondoka, mmoja mmoja kwanza, halafu makundi, nami nikiwemo, miguu ikinienda yenyewe na moyo ukinichoma. Nyuma yetu Bi Tumsifu alikuwa anapiga lile geti kwa viganja vyote viwili, akiita jina, na barabara nzima ilikuwa inalisikia.